Hadidiski Haionekani: Anza na Waya Kabla Hujaihukumu

Huku kusini, Mtwara na Lindi, kompyuta ya mezani ikiwaka halafu ikadai haina diski, hukumu hutoka upesi: hadidiski imekufa, katafute nyingine. Mwenye steshenari anamega mtaji. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaanza kuandika upya hesabu za wakulima wa korosho. Mwalimu anaaga mitihani aliyoitunga kwa miaka. Na mara nyingi mno diski yenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye waya wa bei ndogo, kwenye soketi iliyolegea, au kwenye kasha lililobuniwa bila kumfikiria mtu atakayeingiza mkono humo ndani.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili: unachokiona au kukisikia, kisha kinachoweza kuwa kimesababisha, kisha cha kufanya. Hivihivi ndivyo ninavyowafundisha vijana wanaokuja kujifunza ufundi, na sharti langu kwao ni moja: diski iwe ya mwisho kushukiwa na ya kwanza kulindwa. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, utaipata Kariakoo. Picha za harusi ya mtu huzipati popote.

Kabla hujafungua

Usifomati. Usisakinishe Windows upya kwa kujaribu tu. Likitokea dirisha linaloomba ruhusa ya kuiandaa diski upya, lifunge. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibu waya, na kila kimoja kinaweza kufuta kilichomo.

Zima, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, maana mazabodi inaendelea kupata umeme kidogo wa kusubiria. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano hivi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Laza kasha kwa ubavu, halafu piga picha kwa simu: kila waya ulipo, na hasa namba ya poti ulipochomekwa kwenye mazabodi. Picha hiyo utaihitaji.

Sasa itazame diski. Mfumo wa SATA, wa kuunganishia diski na kompyuta, ulitoka mwaka 2003 na ndio utakaoukuta karibu kila mashine. Diski inafikiwa na nyaya mbili: mwembamba wa data, wenye pini 7, unaotoka kwenye mazabodi, na mpana wa umeme, wenye pini 15, ambao mara nyingi hutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Vichwa vyote viwili vina umbo la herufi L ili visiingizwe kinyume. Hiyo L ni plastiki nyembamba sana, na ndiyo inayovunjika mtu akilazimisha.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba viwango vya SATA vinakadiria kichwa cha waya wa ndani kichomekwe na kuchomolewa mara 50 tu. Mashine iliyotumika ofisini Ulaya, ikapita kwa wauzaji wa Dar es Salaam, ikaja shuleni ambako inafunguliwa kila muhula, huenda imeshafika huko au iko jirani. Kwa hiyo usichomoechomoe bila sababu, na waya unaoingia bila kukaza hata kidogo uutilie shaka hata kama unafanya kazi leo.

Kipimo cha bure: waya wa DVD

Makasha mengi yana kiendeshi cha DVD ambacho hakuna anayekitumia tena. Waya wake wa data ni uleule wa hadidiski, na kwenye makasha makubwa hata kichwa cha umeme ni kilekile. Maana yake humo ndani tayari una waya wa pili, poti ya pili na kichwa cha pili cha umeme, bila kutoa hata shilingi.

Vitumie kimoja kimoja. Hamisha waya wa data wa DVD uje kwenye diski, washa, tazama. Rudisha, kisha jaribu kichwa cha umeme. Ukibadilisha vyote kwa mpigo na diski ikaonekana, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kibovu hicho kitabaki humo kikimsubiri mtu mwingine. Kwenye makasha membamba, DVD yake ni ya aina ya laptop na kichwa chake cha umeme ni kifupi, hakiingii kwenye hadidiski. Hapo azima wa data tu, usilazimishe cha umeme.

Diski iko kimya kabisa na BIOS haiioni

BIOS ni programu ya mazabodi inayotangulia kuwaka na kuzitambua diski kabla ya Windows. Washa huku kiganja kikiwa juu ya diski. Hadidiski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka utaihisi: mtetemo mdogo, kisha mlio mwembamba unaopanda na kutulia. Vikikosekana vyote viwili, tafuta upande wa umeme kwanza. Waya wa data hauhusiki na mzunguko. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka, hivyo kipimo hiki si chake.

Kisababishi ninachokikuta kuliko vyote ni kichwa cha umeme kilichoingia nusu. Nyaya za pawa saplai ni ngumu, na kasha linazilazimisha kukunjika mara tu zinapotoka kwenye diski. Mkunjo ule unavuta upande mmoja wa kichwa, pini za mwisho zinaachia, diski inakosa volti 12 au volti 5. Kisukume kwa kidole gumba mpaka kiishie, ukihakikisha pande zote mbili zimeingia sawasawa. Kisha ulegeze mkunjo wenyewe, hata kwa kukata ule mkanda wa plastiki uliobana nyaya, maana ukiuacha utakivuta tena.

Kinachofuata ni waya wa kuungia, ule unaotoka kwenye Molex, kichwa cha umeme cha zamani cha pini nne, kwenda SATA. Zipo aina mbili. Ya kwanza plastiki yake imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya, na ndani nyaya zinaweza kukaribiana hadi kugusana, hiyo huungua. Nimeshika diski ambazo pini zake zilikuwa na alama ya kahawia na plastiki iliyoyeyuka ikiwa imegandia pembeni. Aina ya pili kichwa chake kina mfuniko unaofunguka na kila waya umebanwa mahali pake. Kama huna budi kutumia waya wa kuungia, tafuta hiyo ya pili, na ukinusa harufu ya plastiki kuungua usiwashe mara nyingine kwa kuhakikisha.

Halafu pawa saplai yenyewe. Mota ya hadidiski ya inchi 3.5 inazungushwa na volti 12, wakati diski za inchi 2.5 na SSD zinatumia volti 5. Kwa hiyo kompyuta ambayo SSD yake inafanya kazi vizuri huku hadidiski kubwa ikiwa kimya, ishuku njia ya volti 12. Ukiwa na mita, weka ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima diski ikiwa imechomekwa na inajaribu kuwaka, kwa sababu pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo.

Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo mara nyingi unachosha kapasita za pawa saplai kabla ya kuua kitu kingine. Dalili yake inadanganya: diski inaanza kuzunguka, inazima, inaanza tena, pengine na mlio mdogo wa kugonga kila inapoanza. Watu wanausikia ule mlio na kusema kichwa cha diski kimekwisha. Ijaribu kwanza kwa pawa saplai ya mashine nyingine. Ikizunguka kwa utulivu, umeokoa diski na kila kilichomo.

Zipo pia mashine za ofisini, na ndizo nyingi zinazoingia huku zikiwa zimetumika, ambazo umeme wa diski hautoki kwenye pawa saplai kabisa. Unatoka kwenye soketi ndogo ya mazabodi kwa waya wa namna yake, wenye idadi ya vichwa iliyohesabiwa: hadidiski moja, DVD moja, basi. Hili linaniudhi kweli. Waya huo ukipotea hupati mbadala madukani Mtwara, na ukitaka kuongeza diski ya pili hakuna pa kuichomeka. Ukinunua mashine ya aina hiyo, ifunguliwe mbele yako uuone waya huo kabla ya kulipa.

Na hapa nitoe onyo kubwa kuliko yote. Pawa saplai ambazo nyaya zake zinachomoka pande zote mbili, usichukue waya wa moja ukautia kwenye nyingine, hata kama kichwa kinaingia vizuri. Upande wa diski mpangilio ni mmoja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana wake. Volti 12 ikipita mahali pa volti 5, diski inaungua papo hapo. Hii ni njia ambayo waya unaua diski kwelikweli.

Mwisho kwa dalili hii: diski iliyotolewa kwenye kasha la nje, zile za kuchomeka kwa USB, ukaiweka ndani ya kompyuta ikagoma kuzunguka. Toleo la SATA 3.3 la mwaka 2016 liliigeuza pini ya tatu ya umeme kuwa ya kuiamuru diski izime. Pawa saplai nyingi za zamani zinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote, na diski inatii: inakaa kimya. Funika pini ya tatu kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton, ile ya rangi ya dhahabu inayostahimili joto, au tumia waya wa kuungia wa Molex ulio bora, kwa kuwa Molex haibebi volti 3.3.

Inazunguka, lakini BIOS haiioni

Hapa ni njia ya data. Anza na kipimo cha waya wa DVD. Waya wa SATA uliokunjwa kwa kona kali huvunjika ndani bila kuonyesha chochote nje, na urefu wake haupaswi kuzidi mita 1. Rangi yake haina maana yoyote; mwekundu na mweusi ni sawa.

Waya ukiwa mzima, ingia BIOS uone kama poti imezimwa. Kisha jiulize kama kuna SSD ya M.2, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, iliyoongezwa karibuni. Kwenye mazabodi nyingi, nafasi ya M.2 inagawana njia na poti moja au mbili za SATA, ukiijaza M.2, poti hizo zinakufa kimyakimya. Hamishia hadidiski kwenye poti nyingine.

Kama ile L imevunjika na kipande kimebaki ndani ya kichwa cha waya, usikitoe. Kikiwa humo, kinasaidia kichwa kukaa sawa na pini. Rudisha kwa upole, hakikisha pini zote ziko mahali pake, washa, nakili kila kitu. Gundi baadaye, data kwanza.

Leo ipo, kesho haipo

Dalili hii ndiyo inayowatesa watu kuliko zote, na asilimia kubwa ya lawama naiweka kwenye makasha.

Mwalimu mmoja wa sekondari alileta kompyuta ya ofisi ya taaluma. Mezani kwangu, kasha likiwa wazi, iliwaka kila mara.

“Fundi, hapa inawaka. Shuleni haiwaki,” akasema.

“Mwalimu, kule ukiiwasha unakuwa umefunga ubavu wake?”

“Nafunga, vumbi litaingia.”

“Basi naomba tuufunge hapahapa.”

Tukaufunga, tukawasha, diski haipo. Tukafungua, ipo. Kasha lilikuwa jembamba, vichwa vya diski vikitazama ule ubavu wa bati, na waya uliowekwa ulikuwa wa kichwa kilichonyooka. Bati lilipofungwa lilibonyeza waya, waya ukakiinua kichwa kidogo tu, chini ya unene wa ukucha, na hiyo ikatosha. Dawa yake ikawa waya wenye kichwa cha kona. Mitihani ya moko ilikuwemo yote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha diski inayokuja na kuondoka ni hiki: iwashe kasha likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa. Majibu yakitofautiana, kisababishi umeshakijua. Ukienda kununua waya wa kona, angalia kwanza kona inayotakiwa ni ya kwenda juu au ya kwenda chini, maana zote mbili zipo na ile isiyo yako itagonga sakafu ya kasha. Upande wa mazabodi kichwa cha kona kinaweza kuziba poti ya jirani, kwa hiyo huko weka kilichonyooka, isipokuwa kama kadi ya grafiki imelala juu ya poti.

Kisababishi cha pili ni vichwa visivyo na kifungio. Waya mzuri una kichuma kidogo kinachobana. Kikikosekana, mtetemo wa feni na diski yenyewe unakilegeza kichwa taratibu. Na safari hukimalizia. Kompyuta iliyokuja kwenye buti la basi kutoka Liwale kwa barabara ya vumbi, au iliyobebwa kwa bodaboda, ifungue na ukandamize kila kichwa kabla ya kuiwasha, iwe inaonekana nzima au la. Wakati wa kuchomoa, bonyeza kichuma kwanza. Ukivuta bila kubonyeza, unaking'oa au unaing'oa soketi ya mazabodi.

Kisababishi cha tatu ni bahari. Ofisi za Shangani, Mikindani na Lindi mjini zinafungua madirisha upande wa upepo, na upepo huo una chumvi. Chumvi inavuta unyevu, ikichanganyika na vumbi inaacha utando kwenye pini. Dhahabu iliyopakwa kwenye pini hizo ni nyembamba. Ikikwaruzwa, shaba ya chini inaota kutu ya kijani. Tumia brashi laini iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, safisha pini za diski na za poti, acha zikauke kabisa. Usitumie msasa. Raba ya shuleni inafaa kwa ramu, lakini kwenye pini za diski inaacha chembe mahali usipoweza kuzitoa. Waya wenyewe ukishapata kutu usiusafishe, utupe.

Angalia pia matundu ya nyuma ya kasha yaliyoachwa wazi kadi ilipotolewa. Mende na mijusi hupitia hapo, na kinyesi chao kwenye poti za mazabodi kinakula chuma. Ziba kwa bati lake.

Kama diski inapotea baada ya nusu saa ya kazi na kurudi ikipoa, mguso dhaifu unaachia kwa joto. Badilisha waya wa data kwanza, kisha kichwa cha umeme. Ni baada ya hapo tu ndipo uifikirie diski.

Ipo, lakini inakwama na kunakili kunachukua milele

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure, uifungue na utafute mstari wenye namba C7, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 199. Mstari huo unahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi, kwa hiyo ni ushahidi wa waya na vichwa kuliko wa diski. Namba haishuki hata ukiweka waya mpya. Iandike pembeni, badilisha waya, nakili faili kubwa, kisha itazame tena. Ikiwa imesimama palepale, umemaliza. Ikiongezeka, badilisha poti.

Mistari ya 05, C5 na C6 ni habari nyingine. Hiyo inazungumzia sahani za diski zenyewe, na namba zake zikipanda acha uchunguzi wote, nakili kwanza.

Makosa ya njiani yakizidi, kompyuta inashusha mwendo wa poti, mfano kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3 au 1.5. Ndiyo maana diski iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito ghafla, na mtu anashauriwa kuweka Windows mpya wakati kilichotakiwa ni waya.

BIOS inaiona, Windows haiwaki

Tazama saa ya kompyuta. Kama tarehe imerudi nyuma miaka, betri ya mazabodi imekwisha, na hiyo ndiyo iliyoleta yote. Ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa na umeme upo, betri hii inapumzika. Ukichomoa au umeme ukikatika, ndiyo inayobeba kumbukumbu za BIOS. Huku kwetu tunachomoa kila jioni kwa kuogopa umeme, kwa hiyo inakwisha mapema.

Ikishakwisha, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani kila umeme unapokatika. Mpangilio wa SATA unaweza kuhama kutoka AHCI kwenda RAID, namna mbili za mazabodi kuwasiliana na diski, au kinyume chake, na Windows iliyosakinishwa kwa mpangilio mmoja inashindwa kuanza kwa mwingine: skrini ya bluu, inazima, inawaka, inazima. Weka betri mpya, rekebisha tarehe, kisha rudisha mpangilio wa SATA uliokuwepo. Kama hujui ulikuwa upi, jaribu mmoja baada ya mwingine; kubadilisha hapo peke yake hakufuti kitu. Usiingie tu kwenye menyu ya kuunda RAID. Angalia pia kama uanzishaji umehama kati ya UEFI, namna mpya ya kuwasha kompyuta, na Legacy, ile ya zamani.

Tarehe ikiwa sahihi, toa flashi zote, kisha angalia mpangilio wa diski ya kuanza nayo. Kuongeza diski ya pili, au kuhamisha waya kwenda poti nyingine, kunatosha kuuvuruga. Kwenye HP utaona namba 3F0, ikimaanisha haijapata diski ya kuanza nayo. Ni taarifa ya jumla. Haisemi kwamba diski imekufa.

Diski ya pili haimo kwenye Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management. Ikiwa imo lakini haina herufi, ipe herufi. Ikiwa imeandikwa “Offline”, ibofye kulia uchague “Online”. Ikiwa inaomba kuandaliwa upya na unajua ina data, simama hapo, rudi kwenye waya na poti, halafu tafuta mtu wa kuokoa data.

Kelele, na diski inayoning'inia

Mngurumo wa kasha zima mara nyingi ni diski iliyofungwa kwa skrubu mbili upande mmoja. Funga nne. Hadidiski ya inchi 3.5 inatumia skrubu za 6-32, zenye meno mapana. SSD ya inchi 2.5 inatumia M3, zenye meno ya karibukaribu. Ukizichanganya unaua matundu, na skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kugusa kilicho ndani. SSD haidhuriki ikiwekwa bila trei, lakini ikiachwa ining'inie kwa nyaya zake, uzito wake wote unabebwa na ile L. Ifunge hata kwa mkanda wa plastiki kwenye chuma cha kasha.

Mashine za IDE

Hizi ni za mfumo uliotangulia SATA. Bado zipo kwenye stoo za shule na ofisi za zamani, na ndani yake mna kumbukumbu ambazo hazipo kwingine. Waya wake ni bapa. Kwenye ule wa nyuzi 80, kichwa cha bluu kinakwenda mazabodi, cheusi mwishoni ni cha diski ya kwanza, kijivu katikati ni cha pili. Diski mbili kwenye waya mmoja zisiwekwe jampa, vile vifuniko vidogo vya pini za nyuma, zote kama ya kwanza (master), wala zote kama ya pili (slave), zitafichana. Pini zake 40 hupinda kirahisi, chomoa kwa kuvuta sawasawa pande zote mbili.

Kama kweli ni diski

Umejaribu waya mwingine, poti nyingine, umeme mwingine na kompyuta nyingine, na bado inagonga kwa mpigo uleule, au inalia kama filimbi fupifupi bila kuzunguka. Sasa unaweza kusema ni diski. Izime. Kila dakika inayogonga inaweza kuwa inakwaruza sahani. Usiiweke kwenye friji, hasa hewa yetu ya pwani inavyotoa jasho kwenye kitu cha baridi, na usiifungue mfuniko.

Kama inaonekana japo kwa taabu, inakili kwa mpangilio wa umuhimu: kwanza faili zisizopatikana kwingine, muziki na filamu baadaye au usizinakili kabisa. Ukitumia waya wa USB wa kuchomekea, hadidiski ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta yake ya volti 12. Wa USB mtupu ni wa inchi 2.5 na SSD, na diski kubwa itakaa kimya ukadhani imekata roho.

Vipuri vya kupimia viwe dukani kwako muda wote: nyaya za data zilizonyooka na za kona, waya wa kuungia wa aina nzuri, betri za CR2032, pawa saplai moja unayoiamini. Mwaka 2024 mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mzigo wa Kariakoo haukuwa unafika, na ofisi zilizokuwa na waya mmoja wa akiba ziliendelea na kazi.

Diski inayokwenda Dar kwa wataalamu wa kuokoa data, itie kwenye mfuko wa kuzuia chaji, ule wa kijivu unaong'aa, uizungushie sponji pande zote sita, na usiiweke pamoja na kitu kizito. Nje ya boksi andika kwamba ni diski yenye data, haijafomatiwa, na ni dalili zipi ulizoziona, ili atakayeipokea asianze kwa kuiwasha.